Sinza, ghorofa nne: maji yapo, maegesho yapo, ngazi ni moja

Naona dalali ameitangaza tena hii nyumba kwa picha zilezile za mwaka juzi: geti jeusi, vigae vinang'aa, "maji muda wote, luku yako mwenyewe, fensi, ulinzi". Yote kweli, simbishii. Mimi ni mpangaji humo, ghorofa ya pili, na kazi yangu ni umeme wa majumbani. Nilisomea VETA Chang'ombe, na tangu hapo nimepanda dari za nyumba za kupanga za mji huu kuliko nilivyopanda daladala. Kwa hiyo acha niandike lile ambalo dalali halipigi picha: moto ukiwaka, wewe na watoto mnatokea wapi.

Mengine nitayapitia haraka maana hayana shida. Laki nne na nusu kwa mwezi, vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Maji ya DAWASA yakikatika kuna kisima. Mama mwenye nyumba anapokea simu, jambo ambalo kwa Dar peke yake lina nyota yake. Majirani watulivu, ukimtoa kijana wa ghorofa ya tatu na spika zake.

Sasa kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ukipanda ngazi ni mtungi mwekundu ukutani. Kila ghorofa unao mmoja, wa unga, kilo sita. Dalali atasimama hapo makusudi: "Kaka, hapa mpaka vizimia moto vipo." Vipo. Wa ghorofa yangu niliushusha siku moja nikauangalia. Mshale wa geji uko kwenye kijani, pini ipo, lakiri haijakatwa, kadi ya huduma imegongwa muhuri vizuri kabisa. Nikaugeuza kichwa chini, nikaweka sikio ubavuni. Unga mzima utausikia ukiserereka kwenda upande wa mdomo. Huu haukuserereka. Nikaupiga piga kwa nyundo ya mpira, kimya. Unga wote ulikuwa umegandamana chini, pande moja.

Hapo ndipo wapangaji wengi wanapodanganyika, maana geji inapima presha ya gesi iliyomo na basi. Haina habari na hali ya unga. Ukibana mkono wa mtungi wa namna hiyo, utasikia "pssss", gesi yote itatoka, na unga utabaki palepale. Halafu kumbuka kuna ile mitungi ya gesi ya kaboni dioksidi, yenye mdomo mpana mweusi, ambayo haina geji kabisa. Hiyo inapimwa kwa mizani, uzito ukipungua ujue inavuja. Humu mmoja wa hiyo uko chini, karibu na mita za umeme, na mahali pake ndipo hapo.

Kampuni iliyokuwa na kazi ya kuihudumia, sitaitaja, ilikuwa inatuma kijana mwenye tambara na stika. Anafuta vumbi, anabandika stika mpya, anasaini kadi, anashuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni namwangalia. Nilipomuuliza mbona hafungui, akaniambia "bro, hii bado ina presha." Nikamwita mama mwenye nyumba aje asikilize mwenyewe kwa sikio lake. Alikuja na khanga yake begani, akainamisha kichwa kwenye mtungi kama anasikiliza mtoto tumboni, kisha akamwambia yule kijana akusanye vitu vyake. Fundi aliyekuja baada ya hapo aliifungua mbele yetu, akamwaga unga mgumu kwenye gunia, akabadilisha mpira wa ndani na kujaza upya. Hiyo ndiyo huduma. Stika ni karatasi.

Nyota kwa mama kwa hilo. Lakini usije ukapanga nyumba kwa sababu ya mitungi. Mtungi wa kilo sita ukiwa mzima unamwaga unga wote chini ya nusu dakika. Unatosha kwa pazia lililoanza kushika, au ekstensheni inayotoa cheche. Sufuria ya mafuta ikishika moto huna haja nao: zima gesi, funika na mfuniko, acha ipoe, na maji usiyaguse. Chumba kikishawaka kweli, hakuna mtungi wa ukutani utakaokusaidia. Hapo ni kutoka na kuuvuta mlango nyuma yako ujifunge.

Kutoka sasa, kupitia wapi?

Ngazi ni moja. Jengo zima, nyumba nane za kupanga juu ya fremu za chini, na ngazi moja ya zege katikati. Kwa majengo ya kiasi hiki Sinza, Tabata, Kijitonyama, hilo ni la kawaida, na silalamiki sana kama ngazi yenyewe ingeachwa iwe ngazi. Mara yangu ya kwanza kuipanda nilikuta kwenye vibaraza vyake baiskeli mbili, gunia la mkaa, kabati la viatu, na kwenye kona ya ghorofa ya tatu godoro la sponji limesimamishwa ukutani linasubiri mtu wa kulinunua. Godoro lile lilininyima usingizi kuliko mkaa. Sponji ikishika moto haiungui kwa adabu: inatoa moshi mweusi mzito wenye kaboni monoksidi na sianidi, na ngazi iliyo wazi kutoka chini mpaka juu ni dohani, moshi unapanda kabla ya mtu hajavaa kandambili. Waliokufa kwenye lile ghorofa la Bronx, New York, Januari 2022 walikuwa 17, na wote waliuawa na moshi. Moto wenyewe ulianzia kwenye hita moja ya umeme ndani ya nyumba moja ya chini. Mlango wa nyumba hiyo uliachwa wazi watu walipokimbia, ukatakiwa ujifunge wenyewe, haukujifunga, moshi ukachukua ngazi.

Godoro limeondoka. Mkaa umeondoka. Baiskeli moja bado ipo, ya mtu ambaye ukimwambia anakujibu "nitaitoa kesho" kwa sauti ya upole kabisa.

Milango ya kuingilia nyumba zetu ni mninga, mizito, imekaa sawa kwenye fremu, na hilo ni jambo jema ambalo hata mama mwenyewe hajui amelifanya. Aliweka mninga kwa ajili ya wezi. Mlango wa mbao ngumu ukifungwa unakupa muda. Ile ya ndani ya vyumba, ya plaiwudi yenye karatasi katikati, haikupi muda wa kutafuta simu. Tatizo ni joto la Dar: wote tunaacha mlango wazi tumeshusha pazia ili hewa ipite. Mchana sawa. Usiku ufunge, wa jikoni pia.

Ila lililonifanya nitake kuhama kabla sijamaliza hata kodi ya kwanza ni geti. Pale chini ngazi inapotokea uani kuna geti la nondo, na saa tano usiku lilikuwa linafungwa kwa kufuli kubwa. Ufunguo anakaa nao mlinzi. Mlinzi wetu ni mzee mwema, mcha Mungu, na alfajiri anakwenda kuswali msikiti wa mtaa wa pili na ufunguo uko mfukoni mwa kanzu. Yaani kila siku, saa ambayo watu wamelala usingizi mzito, nyumba nane zimefungiwa kwa nje na mtu hayupo.

Nilimfuata mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Umeme tena?"

"Umeme mzima mama. Leo nimekuja kwa ajili ya geti."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo mwenye nyumba yeyote angeuliza: "Sasa mwanangu, tukiacha wazi wakaingia, zile TV za watu utalipa wewe?"

Sikumjibu kwa maneno yangu. Nilimkumbusha Johannesburg, Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso pale Marshalltown. Watu zaidi ya 70 walikufa usiku mmoja, na Watanzania walikuwemo, vijana wa kutafuta maisha kama wanawe. Jengo lile lilikuwa mali ya jiji, lilitelekezwa, watu wakalipangisha kienyeji, wakaligawa kwa mbao na mashuka, na waokoaji wakakuta miili imerundikana kwenye geti lililofungwa. Mama alikuwa ameiona habari ile kwenye taarifa ya saa mbili. Alikaa kimya, akasema, "Lete fundi wa kuchomelea."

Kazi yenyewe ni ndogo, na naieleza kwa sababu kila mwenye nyumba anadhani lazima achague kati ya mwizi na moto. Tulitoa kufuli. Tukaweka kitasa ambacho kwa nje kina ufunguo na kwa ndani unazungusha kwa mkono tu. Kuzuia mtu wa nje asipenyeze mkono kwenye nondo akakifungua, fundi akachomelea bati zito kukizunguka, urefu wa mkono mmoja na nusu kila upande. Kila mpangaji akapewa ufunguo wake wa nje. Wezi hawajaingia, na mzee wetu anaswali kwa amani.

Ukija kuangalia nyumba yoyote, si hii tu, fanya jaribio hili mbele ya dalali: mwambie akufungie geti wewe ukiwa ndani, halafu jaribu kutoka bila kumwita mtu. Ukishindwa, umepata jibu.

Madirisha yana hadithi kama hiyo, ila haijaisha. Yote yana grili za nondo zilizochomelewa moja kwa moja ukutani, mpaka ghorofa ya nne. Nani anapanda kuiba ghorofa ya nne kupitia dirishani, sijui, lakini ndiyo desturi yetu. Mimi nilimwomba mama ruhusa, nikakata kipande cha grili ya chumba cha kulala, upana wa mtu kupita mabega, nikakitia bawaba na komeo la ndani. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari ambao mwanangu wa darasa la nne anaufikia na mtu wa nje haufikii. Fundi alinitoza elfu themanini. Chini ya dirisha langu kuna paa la zege la fremu, kwa hiyo ukitoka hapo unakanyaga mahali. Nyumba ya ghorofa ya kwanza upande wa barabara ina bahati hiyohiyo. Za juu hazina: ukifungua grili unaona ua wa majirani kule chini kabisa. Ya kwao ni kufunga mlango, kuziba upenyo wa chini kwa taulo lililolowa, kufungua dirisha na kusubiri ngazi ya Zimamoto. Mama amesema atakata grili za nyumba zote wapangaji wakihama. Mpaka naandika amekata mbili.

Kwenye umeme nina upendeleo, nakiri, kwa kuwa ni fani yangu. Lakini hapa fundi aliyefanya wayaringi alikuwa mtu wa maana na namwombea dua popote alipo. Kila nyumba ina boksi lake la breka. Soketi zimepita waya wa milimita 2.5, taa 1.5, na shawa ya maji moto ina waya wake peke yake wa milimita 6 na breka ya ampea 32. Hesabu yake ni rahisi: shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Nimezikuta nyumba za kodi ya milioni ambazo shawa kama hiyo imeungwa kwenye waya wa soketi, na ukigusa ukuta pale waya unapopita unahisi uvuguvugu. Ipo pia swichi ya kukata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha T. Bonyeza hicho kitufe siku ya kwanza ukiingia. Umeme wote usipokatika, mwambie mwenye nyumba kabla hujafungua mabegi.

Pia nilichuna ncha ya waya kidogo nikaukwaruza kwa kisu: shaba mpaka ndani. Siku hizi madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwa macho huwezi kuutofautisha, ni mwepesi mkononi, na kwenye maungio unapata moto haraka.

Kinachoharibu sifa ya fundi huyo ni sisi wapangaji. Soketi za sebuleni ni mbili tu, na watu wana friji, TV, king'amuzi, redio, feni, chaja nne. Dada wa ghorofa ya tatu aliniita anasema kuna harufu ya samaki sebuleni kwake na hajapika samaki wiki nzima. Ilikuwa plastiki ya ekstensheni. Imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, ambayo imechomekwa ukutani nyuma ya kochi, na juu ya zote amechomeka pasi. Tundu moja lilikuwa limeshabadilika rangi kuwa hudhurungi na kulegea, ukichomeka plagi inacheza. Tulikata, nikamwongezea soketi mbili za kudumu ukutani, mama akalipia vifaa. Ukipanga humu omba hizo soketi kwenye mkataba.

Tunakuja kwenye kinachoniudhi. Moja ya fremu za chini ni duka la gesi. Mitungi ya kilo 6 na kilo 15 inapangwa kwenye kizimba cha wavu nje, hatua chache kutoka mdomo wa ngazi ileile moja. Kizimba cha nje chenye hewa ni bora kuliko kuifungia ndani, hilo nalikubali. Lakini gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipai, inatambaa chini, inajaa kwenye mabonde ya sakafu na kwenye mitaro. Na aliyekuwa amekaa hatua tano kutoka kizimba hicho, kila asubuhi, alikuwa mama ntilie na jiko lake la mkaa, anakaanga chapati. Tulimwombea nafasi upande wa pili wa jengo, akahama bila ugomvi na chapati zake ni nzuri kama zamani. Duka la gesi halijahama. Mama anasema mkataba wake bado, na fremu ile inamlipa kuliko nyumba mbili za juu. Namwelewa. Nyota siwezi kumpa.

Kwa mtungi wako wa jikoni: uweke wima, mpira wa kwenda kwenye jiko uukague mara kwa mara, ukiona nyufa badilisha. Wasiwasi wa kuvuja unamalizwa na povu la sabuni kwenye maungio, si kiberiti. Ukisikia harufu usiku usiwashe taa wala usiizime. Fungua madirisha na mlango, funga koki ya mtungi, toa watu.

Kingine ambacho humu hakikuwepo ni king'ora cha moshi. Hakuna hata kimoja kwenye jengo zima, na nyumba nyingi za kupanga hapa mjini ni hivyohivyo. Nilinunua changu cha betri, nikakifunga kwenye dari ya korido mbele ya vyumba vya kulala. Usikiweke jikoni, kitakupigia kelele kila ukikaanga vitumbua mpaka ukitoe betri, na kikishatolewa betri ndiyo mwisho wake. Umeme ukikatika ngazi inakuwa giza totoro. Mama amefunga taa za kuchaji ghorofa ya kwanza na ya tatu baada ya mpangaji mmoja kuteguka mguu.

Zimamoto ni 114. Bandika ukutani, maana usiku wa moto hata namba ya mkeo unaweza kuisahau. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa wakaguzi wao nguvu ya kuingia kwenye jengo, kukagua na kuagiza marekebisho, kwa hiyo unapomuuliza mwenye nyumba kama jengo limekaguliwa na lini, hujamvunjia heshima. Barabara yetu ya ndani inapitisha gari kubwa kama hakuna aliyeegesha pande zote mbili. Jumamosi jioni, baa ya kona ikijaa, haipitishi hata bajaji mbili zikikutana.

Kwa jumla nampa mama nyota tatu na nusu. Zingekuwa nne na nusu bila lile duka la gesi. Ghorofa ya nne sikushauri kama una mtoto mchanga au mzee wa magoti, hasa kwa kuwa wapangaji wa sasa wa kule juu wameweka geti lao la ziada kwenye kibaraza na kufuli lao wenyewe, na mlango wa kwenda kwenye matangi ya maji umefungwa pia. Iliyo wazi kuanzia mwezi wa saba ni ya ghorofa ya kwanza upande wa barabara, ndiyo ile yenye zege chini ya dirisha. Grili yake bado haijakatwa. Mama atakukatia ukimwomba kabla hujalipa. Ukishalipa utaanza kusubiri foleni pamoja na sisi.